Mvinyo asilia wataka mkataba wa shamba, si wa kilo

MKULIMA wa zabibu wa Dodoma hulipwa kwa mizani. Akipeleka kilo 1,000 analipwa kilo 1,000, na ni nadra mtu kumuuliza zina sukari kiasi gani. Kwa kiwanda kikubwa utaratibu huo una mantiki yake, kwani zabibu dhaifu hurekebishwa ndani: sukari huongezwa, asidi huongezwa, na salfaiti huwekwa kuzuia bakteria. Kwa msindikaji mdogo anayetaka kutengeneza mvinyo asilia, mizani hiyo hiyo inaweza kumfilisi.

Tuelewane kwanza kuhusu maana. Mvinyo wa kilimo hai na mvinyo asilia si kitu kimoja. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinaruhusu mvinyo mwekundu mkavu wa kilimo hai kuwa na salfaiti hadi miligramu 100 kwa lita. Alama ya mvinyo asilia iliyotambuliwa nchini Ufaransa mwaka 2020 ni kali zaidi. Zabibu ziwe na cheti cha kilimo hai, zivunwe kwa mikono, zichachuke kwa hamira iliyotoka nazo shambani, na salfaiti isizidi miligramu 30. Kwa maneno mengine, kasoro yoyote ya shambani inaingia moja kwa moja kwenye pipa.

Hapo ndipo malipo ya kilo yanapoleta matatizo. Mkulima anayelipwa kwa uzito ana kila sababu ya kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna ili punje zijae maji, au kuvuna mapema kabla ndege hawajamaliza. Simlaumu hata kidogo, anafuata bei aliyowekewa. Msindikaji wa mvinyo asilia anapaswa kulipia kitu kingine: sukari ya nyuzi 22 hivi za Brix, vichala visivyo na ukungu, vilivyokatwa alfajiri na kufika kwenye pipa siku hiyo hiyo.

Tufanye hesabu ya mfano. Tani moja ya zabibu hutoa takriban lita 600, yaani chupa 800 za mililita 750. Msindikaji akiongeza Sh400 kwa kila kilo juu ya bei ya soko, mkulima anapata Sh400,000 za ziada kwa tani. Kwenye chupa ongezeko hilo ni Sh500 tu. Sasa pipa moja la lita 200 likigeuka siki, zimepotea chupa zaidi ya 260. Tukikadiria Sh10,000 kwa chupa, hasara inapita Sh2.6 milioni, ambayo ingetosha kulipa nyongeza ya tani sita na zaidi. Anayebana bei ya zabibu ili kuokoa Sh500 kwa chupa hajapiga hesabu vizuri.

Dodoma ina bahati ambayo Ufaransa haina: mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya Machi yanakuja wakati wa mvua, ukungu ukiwa na nguvu. Ya Agosti na Septemba yanakuja wakati wa kiangazi, hewa kavu, magonjwa machache, ingawa lazima uwe na maji ya kumwagilia. Ubwiri unga haukosekani, lakini salfa ya unga, ile wanayopuliza wakulima wa korosho kule Mtwara, inakubalika katika kilimo hai. Kwa hiyo msindikaji mwenye akili atanunua za kiangazi. Atanunua pia kwa kundi la majirani, kwa sababu dawa ya viwandani inayopulizwa shamba la jirani haisimami kwenye mpaka. Kundi lina faida nyingine: mfumo wa wakulima kukaguana wenyewe kwa wenyewe, unaotumika katika alama ya Kilimohai, ni nafuu kuliko kila mmoja kutafuta cheti chake.

Lakini kuna jambo ambalo wanunuzi hawapendi kulizungumza. Mzabibu hauwezi kuwa wa kilimo hai Agosti na wa dawa Machi. Mkulima atapalilia kwa mkono, atapambana na mchwa bila sumu, na atakubali mavuno pungufu mwaka mzima, kisha mnunuzi wake atokee msimu mmoja tu. Zabibu za Machi atazipeleka sokoni na kuuza kwa bei ileile ya jirani aliyepuliza dawa, kama mnunuzi yupo.

Ikiwa misimu miwili inalingana kwa kilo, nyongeza ya Sh400 kwa zabibu za kiangazi inakuwa Sh200 kwa mwaka mzima. Ili mkulima apate Sh400 kamili katika kila kilo aliyovuna, msindikaji lazima alipe nyongeza ya Sh800 msimu wa Agosti, au akodi ekari nzima kwa mkataba na kubeba mwenyewe mavuno ya Machi. Njia ya kwanza inaongeza Sh1,000 kwenye chupa. Asiyeweza kuipata Sh1,000 hiyo kwa mnywaji wake asimwambie mkulima aache dawa.