Picha: mbona moja giza, nyingine nyeupe?



Wengi mnatuuliza: kamera ni ileile, mtoto ni yuleyule, mbona picha moja uso giza, nyingine umekuwa mweupe? Kamera si mbovu. Inapima mwanga wa vitu vyote mbele yake na kutafuta wastani. Haijui kwamba ninyi mnataka uso. Mtoto akisimama mbele ya turubai jeupe, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso unapotea. Hapa Bugoye tena mawingu ya Rwenzori yanafunika jua na kulifunua, basi kila picha inapimwa upya.

Fanyeni hivi:

1. Mtoto akae kivulini mlangoni, aangalie nje. Nyuma yake pasiwe na kitu cheupe.
2. Sogeeni karibu, uso ujae katikati.
3. Bonyezeni kitufe nusu, shikilieni, kisha malizieni. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo.
4. Bado giza? Tafuteni alama ya +/- mpeleke +1. Mkimaliza rudisheni 0, ama picha za kesho zitaungua.

Hii si mambo ya urembo tu. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, 1994, picha za watoto waliopotezana na wazazi zilionyeshwa kambini ili ndugu wawatambue. Uso wa giza hautambuliki. Kabla ya kutuma picha Kasindi ama Beni, angalieni kwanza: macho yanaonekana?

Tuonane mwezi ujao.