Kuta za Lamu Zina Mlinzi, Wenyeji Je?

Tangu 2001 Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ukitajwa kuwa mji mkongwe zaidi na uliohifadhiwa vyema kuliko miji yote ya Waswahili Afrika Mashariki. Eneo lenyewe ni dogo, hekta 16 hivi, na mtu hulimaliza kwa miguu asubuhi moja. Vichochoro vyake havipitiki kwa gari. Mizigo hubebwa na punda. Sifa hiyo Lamu inaistahili. Wasiwasi wangu ni kwamba tumeushughulikia mji huu kama majengo, tukawasahau waliosababisha majengo hayo yawe yalivyo.

Nyumba ya mawe ya Kiamu haieleweki bila kuwajua waliojengewa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazifiki mbali, mita tatu hivi. Kutoka daka la mlangoni, ambako wanaume hupokewa, unaingia kiwanda, yaani ua usio na paa, kisha misana, ndiyo sebule, kisha ndani, penye zidaka, vishubaka vya ukutani vilivyonakshiwa kwa chokaa. Kila hatua inakupeleka karibu zaidi na faragha ya familia, na hasa ya wanawake. Kwa wenye uwezo ilikuwa desturi baba kumjengea bintiye nyumba, au kumpa sehemu ya nyumba, anapoolewa. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Kiwanja kilipokosekana walipandisha ghorofa, au walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro hadi nyumba ya pili, ndugu wa kike wakapata kutembeleana bila kushuka njiani. Mgeni anayesimama chini ya wikio akainua simu anapiga picha ya uamuzi wa wazazi fulani: watoto wetu wasitawanyike.

Sasa nyumba hizo zinauzwa. Shela, kijiji jirani chini ya vilima vya mchanga, kimetangulia: nyumba nyingi huko ni za watu wa Ulaya wanaokuja kwa msimu, na kwa miezi mingi milango yake hufunguliwa na mtunzaji tu. Mji wenyewe unafuata njia hiyo. Simlaumu muuzaji hata kidogo. Nyumba iliyorithiwa kizazi baada ya kizazi ina wenyewe wengi, kila mmoja na fungu lake, huyu Mombasa, yule Uarabuni. Paa likianza kuvuja, hakuna mwenye fungu kubwa kiasi cha kumfanya abebe gharama peke yake. Na ukarabati wenyewe si wa kawaida. Ukuta wa matumbawe unataka chokaa. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, ukuta ukaoza polepole huku nje ukionekana imara. Chokaa nzuri na fundi anayeijua ni ghali kuliko mfuko wa saruji wa dukani. Sheria za kuhifadhi mji wa kale zinamwekea mwenye nyumba masharti ya ujenzi, lakini gharama hubaki kwake, isipokuwa pale mradi wa wafadhili unapopita. Katika hali hiyo, kuuza huwa ndilo jambo pekee ambalo warithi wote wanaweza kukubaliana.

Wako watakaosema kwamba wanunuzi ndio waliookoa nyumba zilizokuwa zinaanguka, na wana hoja. Baadhi yao walirudisha chokaa, wakawatafuta mafundi wa nakshi, wakawapa vijana kazi na ujuzi. Bila fedha zao baadhi ya nyumba tunazozisifu leo zingekuwa vifusi. Lakini kuta zisizo na watu tunazo tayari, kule Takwa katika kisiwa cha Manda. Mji huo ulihamwa karne ya 17. Msikiti wake na kaburi lake la nguzo vimesimama hadi leo, na watu wa Shela bado huenda kuzuru na kuomba dua. Ni mahali pa heshima kubwa. Hakuna mama anayepika pale wala mtoto anayetumwa dukani, na sidhani kuna Mwamu anayetaka mji wake uishie hivyo.

Tena utalii ni mgeni asiyeaminika. Mwaka 2011, baada ya utekaji nyara katika visiwa hivi, na tena 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, upande wa bara, serikali za nje zilitoa tahadhari za usafiri na watalii wakaacha kuja. Walioendelea kuadhini, kuvua na kufungua maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ni wenyeji. Ni wao pia waliokwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoletewa na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu chini ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET. Mwaka uliofuata leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu ilifutwa baada ya wakazi kuipinga. Mwenye nyumba ya likizo akichoshwa na moshi huuza akaenda pwani nyingine. Mvuvi wa Lamu aende wapi?

Wala sisemi wageni wasije. Lamu imezoea wageni kabla ya neno utalii. Kila Mfungo Sita, Maulidi ya msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Swaleh, huleta watu kutoka pwani nzima na ng'ambo, na wengi hupokewa majumbani. Mgeni wa aina hiyo huongeza uhai wa nyumba, kwa sababu mwenyewe yumo ndani. Mtalii naye anaweza kufanya vivyo hivyo: alale kwa familia inayokodisha ghorofa ya juu huku yenyewe ikiishi ya chini, na kabla hajalipa aulize fedha hiyo inamwendea nani.

Kazi kubwa, hata hivyo, ni ya Kaunti na Makumbusho ya Kitaifa. Ngome ya Lamu, iliyokamilika 1821 na kuwa gereza hadi 1984, iliokolewa na kufanywa mahali pa maonyesho na mikutano kwa sababu ni mali ya umma. Familia inahitaji msaada wa namna nyingine: mkopo usio na riba, utokane na ada za wageni, wa kumwezesha mrithi mmoja anayeishi Lamu kununua mafungu ya ndugu zake na kukarabati kwa chokaa. Familia inayotaka kuifunga nyumba kama wakfu isaidiwe kuandika hati. Na anayetoka nje akipenda nyumba ya mji wa kale, akodishiwe kwa miaka kadhaa, kwa sharti la kuitunza, kisha nyumba irudi kwa wenyewe.