Kahawa Usoni Isiwe Pazia la Sumu

Siku hizi krimu na mafuta ya kujipaka yenye kafeini yanasifiwa sana, kwamba hupunguza uvimbe chini ya macho na kuipa ngozi uhai. Mwananchi wa Peramiho, ambaye jirani zake wa Mbinga ni wakulima wa kahawa, ana haki ya kuuliza iwapo kitu hicho ni salama.

Kafeini yenyewe haina hatia kubwa. Friedlieb Runge wa Ujerumani aliitenga mwaka 1819, nayo ndiyo iliyomo katika vikombe vyetu vya chai na kahawa. Ni kweli kwamba hupenya ngozi, hata wataalamu huitumia kama kipimo wanapochunguza upenyaji wa vitu vingine. Lakini kiasi kinachotiwa katika krimu ni kidogo, aghalabu kisichozidi asilimia 3, na wachache ndio wapatao muwasho. Hapana sababu ya kuwatia wananchi hofu, wala ya kuwaahidi miujiza. (Inachoma moyo, hata hivyo, kuona buni iliyouzwa ghafi ikirudi katika kichupa kidogo chenye bei kubwa.)

Kinachotupasa kukihofia ni kile kisichoandikwa kwenye kopo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, lakini mkorogo ungali unauzwa. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, ulilenga vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba hata hiyo iondolewe.

Mlaghai anajua kwamba jina la kahawa halimtishi mtu. Akilibandika juu ya kopo la mkorogo, dada zetu watalinunua bila wasiwasi, na uso ukianza kung'aa watadhani ni kazi ya kafeini. Ijulikane kwamba kafeini haimgeuzi mtu kuwa mweupe.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Ukaguzi wake usiishie katika bandari na maduka makubwa ya mijini, bali ufike hadi magulio ya Songea vijijini, ambako krimu hupimwa kwa kijiko kutoka kopo lisilo na nembo. Viambato viandikwe kwa Kiswahili, na kopo lisilovitaja liondolewe sokoni siku hiyo hiyo.