Korongo Bandarini: Hatari ya Kufasiri Kijerumani kwa Kupitia Kiingereza

Neno la Kiingereza 'crane' lina maana tatu zinazojulikana sana: ndege mwenye shingo na miguu mirefu, mtambo wa kunyanyulia mizigo, na kitendo cha kunyoosha shingo ili kuona. Uhusiano wa maana hizi u wazi, kwani mtambo na kitendo vyote viwili vilifananishwa na shingo ya ndege. Hii ni polisemia iliyozaliwa na sitiari. Wala si Kiingereza peke yake kilichofanya hivyo: Wagiriki wa kale walitumia neno 'geranos' kwa ndege na kwa mtambo, na Wafaransa hadi leo husema 'grue' kwa vyote viwili.

Kijerumani kimefuata njia nyingine. Ndege ni 'Kranich', mtambo ni 'Kran', na kitendo ni 'den Hals recken'. Ingawa shina la maneno mawili ya kwanza ni moja kihistoria, kwa Mjerumani wa leo hayo ni maneno mbalimbali, kila moja na wingi wake: 'Kraniche' na 'Kräne'. Hata ua ambalo Waingereza huliita 'cranesbill', yaani mdomo wa 'crane', Wajerumani huliita 'Storchschnabel', mdomo wa 'Storch', ambaye ni ndege mwingine kabisa. Katika Kiswahili wengi wetu huwaita ndege hao wawili korongo.

Jambo hili lina uzito kwetu. Mtafiti asiyejua Kijerumani, anapochunguza kumbukumbu za utawala wa Wajerumani, ambazo baadhi yake zimo katika Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, hulazimika kutegemea tafsiri ya Kiingereza. Neno lililokuwa wazi katika lugha chanzi hupata utata njiani, kisha mfasiri wa Kiswahili huurithi utata huo akidhani ni wa matini asilia. Palipo na sentensi kamili, muktadha utamwokoa. Lakini penye orodha fupi ya mali, au jina la chombo, ataamuaje kati ya korongo na winchi? Tena korongo lenyewe ni bonde lililochimbwa na maji, kama lile la Olduvai lililopewa jina la Frida Leakey, ambamo Mary Leakey alikuta fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Hivyo utata mmoja huzaa mwingine.

Huenda ikasemwa kwamba hakuna lugha isiyo na utata. Ni kweli: katika sehemu za magharibi ya Ujerumani 'Kran' ni bomba la maji pia. Lakini huo ni utata wa Kijerumani chenyewe, na asomaye Kijerumani anaweza kuutatua. Utata ulioingizwa na lugha ya tatu hauwezi kutatuliwa na mtu ambaye hajui hata kuwa umeingizwa.

Mazoea haya yana mizizi mirefu. Kamusi ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882 ilitungwa na Mjerumani, lakini ilifafanua Kiswahili kwa Kiingereza. Büttner alifuata njia ya moja kwa moja katika kamusi yake ya Kiswahili na Kijerumani ya mwaka 1890, na ni njia hiyo inayofaa kuendelezwa.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, kamusi zetu za lugha mbili ziache kupanga visawe vya kidahizo kwa mkato tu. Kila maana ipewe namba na uwanja wake wa matumizi. Pili, mfasiri anayepitia Kiingereza akiri hivyo waziwazi na aonyeshe neno la asili penye shaka. Tatu, idara zetu ziwafundishe wanafunzi wa uzamili walau kusoma Kijerumani. Historia yetu iliyoandikwa kwa lugha hiyo haistahili kutufikia kwa mkono wa pili.