FUNDI SI TUSI

Mimi bado nadunda, ingawa baridi ya Mbeya mwezi huu wa saba haina utani hata kidogo. Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mbili na vidole vinanuka risasi ya kuchomea. Leo sina habari za bumu wala za nani kadisco. Leo nina hasira, na nimeona bora nizitoe hapa.

Chanzo ni hiki. Jumanne nilipeleka wazo la mradi wangu wa mwaka wa mwisho kwa msimamizi. Wazo lenyewe si kubwa. Nachukua gemu za mkononi za zamani zilizokufa, nazifufua, halafu naandika kila moja ilikuwa na ugonjwa gani, ulipimwaje, kipuri gani kilipatikana hapa hapa mjini na kipi hakikupatikana. Lengo ni kwamba mwingine akikutana na ugonjwa huo huo asianze sifuri. Mheshimiwa akasoma ukurasa mmoja, akavua miwani, akasema: "Kijana, huu ni ufundi. Hapa tunafundisha uhandisi. Ukitaka ufundi nenda Soweto." Nikasema sawa mwalimu, nikatoka. Wenzangu waliokuwa wanasubiri zamu mlangoni walisikia kila kitu. Tangu siku hiyo jina langu darasani ni Fundi Gemu.

Sasa sikilizeni. Soweto nimeshakwenda siku nyingi sana! Tangu mwaka wa pili, kila Jumamosi nashuka bajaji pale, nakatiza sokoni kwenye viazi na mitumba, naingia kwenye kibanda cha mzee mmoja anayetengeneza redio na simu. Namwita Mjomba, ananiita Msomi. Mwanzoni aliniita hivyo kwa kunicheka, kwa sababu nilikuja na GPA nzuri tu lakini pasi ya kuchomea naishika kama kijiko. Mtihani wa mita niliupata A, jamani, lakini mita yenyewe sikuwa nimewahi kuishika kwa dakika tano mfululizo. Chuoni tulikuwa wanafunzi kumi na wawili kwa mita moja, mmoja anapima, kumi na mmoja wanadesa majibu.

Gemu yangu ya kwanza ilikuwa Game Boy ya Nintendo, ile nene ya kijivu iliyotoka Japani mwaka 1989. Niliikuta kwenye lundo la midoli ya mtumba, imekufa, nikaipata kwa bei ya sahani ya chipsi. Nikataka kuifungua, skrubu zake zina kichwa chenye mkato wa mabawa matatu, bisibisi ya kawaida haiingii. Mjomba akachukua kalamu ya Bic iliyokwisha, akapasha moto mkia wake, akaukandamiza juu ya skrubu mpaka ukapoa na kushika umbo. Ikafunguka. Hilo somo halina kodi kwenye ratiba yetu.

Ndani ugonjwa ulikuwa wazi. Mtu aliacha betri za AA humo miaka na miaka, zikavuja, vyuma vikaota unga mweupe na kijani. Betri za alkalini zikivuja, dawa yake ni asidi kidogo, kwa hiyo tulisugua kwa siki na mswaki wa zamani, kisha tukafuta kwa spiriti. Ikawaka! Lakini kioo kilikuwa na mistari ya wima iliyopotea, kana kwamba mtu amekipitisha chanuo. Ule ugonjwa ni maarufu. Utepe unaounganisha kioo na bodi umelegea pale chini, na tiba yake ni kupitisha pasi yenye moto kiasi juu ya utepe, polepole, huku gemu inawaka, unaona mstari mmoja mmoja unarudi. Ukizidisha moto umeua kioo. Ukipunguza hakuna kitu. Niambieni basi, huo si uhandisi? Hapo kuna kemia, kuna umeme, kuna upitishaji wa joto, na kuna kosa ambalo hulirekebishi kwa sup.

Halafu kuna jambo ambalo nilitamani kumwambia mwalimu lakini ulimi uliganda. Anajua aliyeongoza utengenezaji wa hiyo Game Boy alikuwa nani? Ni Gunpei Yokoi. Mwaka 1965 Nintendo walipomwajiri kilikuwa bado kiwanda cha karata, na kazi yake ilikuwa kutunza mashine za kutengenezea hizo karata. Kwa Kiswahili chetu, FUNDI MATENGENEZO. Msimamo wake maishani ulikuwa kutumia teknolojia iliyokwishazoeleka na kushuka bei, kisha kuitafutia matumizi mapya. Ndiyo maana Game Boy ilikuwa na kioo cha kijani kisicho na rangi wala taa. Washindani wake walileta rangi: Atari Lynx mwaka huo huo wa 1989, Sega Game Gear mwaka 1990. Game Gear ilikula betri sita kwa masaa machache tu, na leo ukiipata karibu lazima ubadilishe kapasita zake maana zinavuja. Game Boy ilitumia nne na kudumu masaa mengi. Ile familia yake, pamoja na ile ya rangi ya 1998, iliuzwa zaidi ya milioni 118. Mtu aliyezoea kuona mashine zinavyoharibika ndiye aliyejua kutengeneza isiyoharibika ovyo.

Nakuja kwenu sasa, washkaji zangu wa hosteli. Mnasema nacheza na midoli ya watoto. Haya. Bumu likitoka, nani anakesha na mkeka wa timu kumi na tano za nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani? Mkeka ukichanika nani anakuja kukopa unga kwangu? Mimi PSP niliyoinunua imekufa, nikasafisha swichi, nikaitafutia betri nyingine maana ya kwanza ilishavimba, niliiuza nikalipia desa za muhula mzima. Hiyo midoli imenilisha. Mkeka wako umekulisha lini?

Nakubali kitu kimoja, maana sitaki kubishana kwa ubishi. Kufufua gemu kumi hakuiokoi nchi. Na mitumba ya umeme ina ubaya wake: mingi inakuja hapa ikiwa tayari mizoga, na mizoga hiyo inaishia jalalani au inachomwa moto watu wapate shaba. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuandika magonjwa yake, siyo sababu ya kukunja pua! Huko wanakotoka hivyo vitu wameshashtuka. Ufaransa ilianza Januari 2021 kulazimisha simu na laptop ziwe na alama ya kuonyesha kinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza mwaka 2024, na sheria yao ya betri ya 2023 inataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe. Wenzetu wanatunga sheria ili wapate kile ambacho Mjomba anakifanya kila siku kwenye kibanda cha bati, na sisi tunakiita kufeli maisha.

Kinachoniuma ni kwamba Mjomba hajaandika popote. Yote yako kichwani mwake. Macho yanaanza kumsumbua, skrubu ndogo sasa namfungulia mimi. Siku akifunga kibanda, zinafungwa na hizo dawa zote. Msomi kazi yake nini kama si kuandika? Yeye ana mikono, mimi nina kalamu, na chuo kinasema tusikutane.

Mwisho wa kupeleka mada ni Ijumaa. Nikikataliwa tena nitapewa mojawapo ya zile mada za kabatini ambazo kaka zetu walishazifanya, nitabadilisha jalada, nitapata B+ na kila mtu atafurahi. Kuna mshkaji kanishauri nitoe neno "ufundi" niweke neno kubwa la Kiingereza, mwalimu atapitisha bila kusoma. Pengine kweli. Lakini sitoi. Jumatatu asubuhi nakwenda na ukurasa ule ule, na safari hii naweka Game Boy mezani kwake, imewaka, na pembeni naweka bisibisi ya kalamu ya Bic. Aniambie ipi kati ya hivyo viwili siyo uhandisi.

Mwenye gemu iliyokufa nyumbani asitupe, alete. Kuitazama ni bure, kupona sitoi ahadi.

Niombeeni. Fundi Gemu, na sasa nalitumia jina hilo mwenyewe.