Cheo Hakimo Katika Ulimi



Muhula huu wenzetu watatu wa darasa la fasihi walitusomea hotuba juu ya lugha na tabaka za watu katika vitabu. Walichagua mchezo wa Bernard Shaw uitwao Pygmalion, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1913. Humo yumo Eliza, msichana maskini auzaye maua mjini London. Profesa Higgins amfundisha matamshi ya mabibi wakubwa, hata watu wakamdhani kuwa ni wa ukoo bora. Wasemaji wetu walikata shauri hivi: atakaye kupanda, na ausafishe ulimi wake. Darasa likapiga makofi.

Mimi sikubaliani nao. Mwishoni mwa mchezo Eliza mwenyewe aeleza kwamba alianza kujiheshimu siku ile Kanali Pickering alipomwita kwa adabu, naye wakati huo bado alikuwa akisema lugha yake ya mtaani. Basi heshima ilitangulia matamshi.

Wala hatuna haja ya kwenda London kutafuta ushahidi. Tazameni mpaka wetu. Mwaka 1902 Waingereza walilikata Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika nchi ambayo leo ni Kenya, na Wateso wakajikuta pande mbili. Mtu akitoka hapa Merikit akavuka Malaba au Busia, Kiteso ni kile kile, na Kiswahili ni kile kile. Lakini cheo cha Kiswahili chabadilika njiani. Upande wa pili ni lugha ya taifa, husemwa Bungeni, na ni somo la lazima shuleni. Upande wetu wazee wengi hukiita lugha ya askari na wezi, maana walikisikia kambini na vizuizini, hasa katika utawala wa Idi Amin (1971–1979). Katiba yetu ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, hata hivyo dharau haijaisha. Je, maneno yaharibika yakivuka mpaka? La! Watu ndio wayapandishao na kuyashusha.

Okot p'Bitek alilijua jambo hili. Katika Song of Lawino, kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1966, Ocol msomi amdharau mkewe asiyejua Kiingereza. Lakini mwandishi alimpa mke nafasi ya kusema, na utenzi wenyewe aliutunga kwanza kwa Kiacholi. Msomaji afikapo mwisho ajua ni nani mwenye akili katika nyumba ile.

Nasema haya kwa sababu wapo wenzetu wasioinua mkono darasani, wakiogopa kuchekwa kwa lafudhi ya nyumbani. Majibu yao twayakosa sote. Na siku ya wazazi wapo wanaomvuta mama hadi nyuma ya ua, asisikike akisema Kiteso.

Sisemi tuache Kiingereza. Mitihani yetu huandikwa kwa lugha hiyo, na tujifunze kwa bidii, kama fundi anoavyo chombo chake. Lakini chombo si cheo.

Nanyi mliotutangulia katika shule hii, ambao sasa mmekaa maofisini: akija mzee na Kiingereza kilichovunjika, au bila Kiingereza kabisa, mpeni kiti, kisha msikilizeni haja yake.