Nyuki Wadogo na Kengele ya Harufu



Likizo ya Agosti iliyopita tulifunga safari ya kwenda Bungoma kumzuru shangazi yetu, ambaye ndoa ilimtoa Mombasa ikamweka huko, na sasa amepitisha zaidi ya miaka 30. Tulikuta nyumba imo katika shughuli. Binti yake wa mwisho alikuwa ameposwa, siku ya harusi imekwisha tajwa, na fundi alikuwa akipiga lipu ukuta wa jiko la zamani, jiko la udongo lililojengwa na marehemu mumewe kwa mikono yake. Kabla ya adhuhuri tulisikia kelele za watoto: “Bibi, njoo! Nyuki wamemvamia fundi!”

Tulitoka mbio, tukidhani ni msiba. Tulimkuta fundi amesimama mbali na ukuta, akijipangusa nywele na masikio, lakini hakuwa na uvimbe hata mmoja. Waliomvamia walikuwa wadudu weusi wadogo mno, hawafikii hata punje ya mchele. Ukutani, kimo cha bega, palichomoza kibomba chembamba cha nta, mfano wa mrija, na mdomoni mwake vichwa vidogo vikichungulia. “Mama,” fundi akamwambia shangazi, “nipe mafuta ya taa kidogo niwamwagie, nimalize kazi yangu leo.” Shangazi akanyamaza. Kisha akasema, “Ngoja kwanza, mwanangu. Hawa wameishi hapa na mzee. Na tuwajue kabla ya kuwaua.”

Neno lile ndilo lililotupa makala ya wiki hii.

Hao ni nyuki wasio na mwiba, ambao wengi wetu huwaita nyuki wadogo tu. Duniani wapo zaidi ya aina 500, wote wakaazi wa nchi za joto: Amerika ya Kusini, Asia, Australia na Afrika. Katika nchi yetu baadhi hukaa ndani ya mapango ya miti ya misitu kama Kakamega, baadhi katika nyufa za kuta za udongo, na wako wanaopanga ndani ya vichuguu vya mchwa. Hata huku kwetu Pwani hatukunyimwa: yuko mmoja anayejenga kiota chake nje wazi, kikaning’inia chini ya tawi. Mwiba wanao kwa jina tu. Umedumaa hata haufai kudungia. Asali yao hawaiweki katika masega kama nyuki wakubwa, bali katika vijungu vidogo vya mviringo, vilivyofinyangwa kwa nta iliyochanganywa na ulimbo wa miti.

Basi mtu atauliza: mdudu asiye na silaha, mwenye ghala la asali ndani, huilindaje nyumba yake? Sungusungu wanaitaka asali hiyo, mbawakawa wanaitaka, binadamu naye anaitaka. Jibu kubwa ni harufu.

Tuanze mlangoni. Kwenye kile kibomba huwapo mabawabu. Kila nyuki arudiye kutoka malishoni hupapaswa kwa vipapasio, ambavyo kwa nyuki ndiyo pua. Ngozi ya kila nyuki imepakwa mafuta membamba mno, na mchanganyiko wa mafuta hayo hutofautiana kati ya kiota na kiota; sehemu hutokana na nasaba, na sehemu hutokana na nta na ulimbo wa nyumba anamoishi. Bawabu akinusa harufu ya kwao, humpisha. Akinusa ugeni, humzuia, humng’ata, na pengine hushikana naye mpaka wote wawili wakaanguka chini. Hivyo hakuna mgeni aingiaye kwa sura. Huingia kwa harufu ya nyumba.

Adui akiwa mkubwa, kama alivyokuwa fundi wetu na mwiko wake, bawabu mmoja hatoshi. Hapo ndipo inapolia kengele. Tayani mwa nyuki mna tezi ndogo zenye vimiminiko vyepesi sana vya kupeperuka. Bawabu afunguapo taya kung’ata, vimiminiko hivyo huachiliwa hewani na kumpata adui mwilini. Wenziwe walio ndani huinusa harufu ile, na mara moja hutoka kwa wingi wakaelekea pale ilipo kali zaidi. Ndiyo maana fundi alianza na nyuki wawili, na kabla hajageuka walikuwa makumi. Huingia nywelini, masikioni na puani, wanyama wakubwa wasikoweza kustahimili. Wengine hubeba ulimbo unaonata na kumpaka adui. Sisimizi aliyepakwa ulimbo miguuni hana safari tena. Huko Brazil wako wanaong’ata wasiachie, hata wakafa wangali wameuma.

Wataalamu huziita harufu za namna hii feromoni, neno lililotungwa mwaka 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher kwa ajili ya kemikali ambazo kiumbe huzitoa zikamwathiri mwenziwe wa jinsi moja. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1962, ilibainika kemikali mojawapo iliyomo katika kengele ya nyuki wakubwa wenye mwiba: ni ile ile inayonukia kama ndizi mbivu. Nyuki mkubwa akidunga, mwiba husalia mwilini mwa mtu ukiendelea kutoa harufu hiyo, na kila mwenye kuinusa huja kudunga papo hapo. Moshi wa warina asali nao husaidia kwa kuwa huwapumbaza nyuki wasiinuse kengele barabara, na huwashughulisha wakimbilie kujaza matumbo asali.

Katika kengele hii iko hekima inayofaa kutazamwa. Vimiminiko vile ni vyepesi makusudi. Hupeperuka upesi, vikafika mbali kwa nukta chache, kisha vikatoweka. Hatari ikiondoka, harufu huisha, na nyuki hurudi kazini. Lau ingekuwa harufu ya kukaa, kiota kizima kingebaki vitani mchana kutwa, pasiwe na wa kuleta chakula wala wa kulisha watoto.

Wako pia wezi wanaoifanya harufu kuwa silaha ya kushambulia. Huko Amerika ya Kusini kuna nyuki wasiotafuta maua kamwe; riziki yao ni kuvamia viota vya wengine. Vinywani mwao hutoka harufu kali ya limau, hata wenye elimu wakawapa jina kwa ajili yake, Lestrimelitta limao. Harufu hiyo huwakusanya wezi wenyewe na kuwavuruga wenye nyumba. Lakini baadhi ya jirani zao wamejifunza: bawabu akinusa limau tu, hupiga kengele yake kabla mwizi hajaingia. Afrika nako hakukosi mwizi wa aina hiyo, Cleptotrigona, awavamiaye nyuki wadogo kabisa.

Siku ya pili tulipanda matatu kwenda Kitale na watoto, tukazuru jumba la makumbusho. Chimbuko lake ni mkusanyo wa mtu mmoja, Kanali Hugh Stoneham, aliyefungua makumbusho yake mwaka 1926, akakusanya wadudu, ndege na vitabu kwa miaka mingi, kisha akauusia taifa. Nyuma ya jumba kuna kipande cha msitu wa asili chenye njia ya kutembelea, na pembezoni mwa mji ni mashamba ya mahindi kila upande mpaka jicho linapokoma. Tulipokuwa chini ya miti ile mjukuu wa shangazi, mwenye miaka tisa, alituuliza: “Kama nyuki wa bibi hawataki kumwagiwa mafuta, mbona hawahami?”

Swali la mtoto lilikuwa ndiyo kiini cha jambo. Nyuki wakubwa wakisumbuliwa mno huhama wote, malkia akiwa mbele ya safari au kati. Nyuki wadogo hawawezi. Malkia wao akishaanza kutaga, tumbo lake huvimba kwa mayai, na hawezi kuruka tena mpaka afe. Kiota kipya huanzishwa na malkia kijana, tena pole pole, wafanyakazi wakihamisha nta na asali kidogo kidogo kutoka nyumba ya mama. Kwa hiyo nyumba iliyomwagiwa mafuta, au mti uliokatwa ili kutoa asali kikombe kimoja, si kuwafukuza, ni kuwamaliza. Ulinzi wao wote, mabawabu, kengele na ulimbo, umejengwa juu ya jambo hilo moja: hawana pa kukimbilia.

Na hasara hairudi kwao peke yao. Nyuki hawa huchavusha maua ya miti ya msituni na ya mimea ya bustanini. Kituo cha icipe kilichoko Kasarani, Nairobi, kilichoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimekuwa kikiwachunguza na kuwafundisha wakulima kuwafuga katika masanduku madogo, ili asali ipatikane pasipo kukata mti. Asali yenyewe ni nyepesi, ina uchachu, na ina maji mengi kuliko asali ya kawaida. Kwa hiyo yataka chupa safi na mahali pa baridi. Na hapa twawakumbusha mama wenye watoto wachanga: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali yoyote, ya nyuki wadogo wala wakubwa, kwani huweza kuwa na vijidudu visivyomdhuru mkubwa vikamdhuru yeye vibaya.

Atakayekuta nyuki nyumbani kwake na awatambue kwanza kwa mbali. Wakiwa wakubwa, wa rangi ya kahawia, na wana masega, watoto waondolewe na aitwe mfugaji mwenye vifaa. Hao si wa kuchezewa. Wakiwa wadogo mno, wenye kibomba cha nta mlangoni, hakuna haja ya dawa wala moto. Funga kitambaa kichwani, usikipulizie kibomba pumzi, usikizibe. Wakitoka kwa wingi, sogea hatua kadhaa, ngoja. Kengele itanyamaza wenyewe watulie. Ikiwa lazima waondolewe, mfugaji mzoefu aweza kuwahamisha pamoja na malkia na watoto wao.

Tuliporudi Bungoma jioni ile, shangazi alikuwa amekwisha kata shauri. Fundi alipiga lipu ukuta wote, akaacha duara la upana wa kiganja kuzunguka kibomba. Alinung’unika kwamba kazi yake itaonekana ina kiraka. Shangazi akamjibu, “Wageni wakiuliza, mimi ndiye nitakayejibu.” Siku ya harusi waliuliza kweli, akina mama wakapanga mstari kutazama, na jiko la marehemu likazungumzwa kuliko pilau.

Sote twaijua Surat An-Nahl, sura ya 16, iliyopewa jina la mdudu huyu. Wengi tumeihifadhi tangu chuoni, na bado mkono wetu wa kwanza hukimbilia dawa ya kunyunyiza. Tukio la Bungoma lilitusuta.

Tena lilitufunza jambo la nyumba zetu wenyewe. Nasi tuna kengele zetu: ujumbe wa simu unaotumwa na kutumwa tena, neno la jirani, habari ya fulani na mkewe. Nyuki hupiga kengele pale penye hatari, wenziwe hutoka, hatari ikipita harufu huisha. Zetu aghalabu hulia pasipo hatari, na harufu yake hukaa katika ukoo miaka na miaka. Wiki hii, kabla hatujapeleka neno mbele, na tujiulize kama kuna adui mlangoni kweli, au ni fundi tu na mwiko wake.

Hadi wiki ijayo, inshaallah.